Anayetaka kusoma Polandi aanze na lugha ya wenyeji

Matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, swali ni lilelile katika parseli za Kakontwe: mtoto aende kusoma wapi? Zamani majibu yalikuwa machache. Wengi walitaja Lubumbashi, na wenye uwezo walitaja Ubelgiji au Afrika Kusini. Siku hizi jina lingine limeongezeka: Polandi, nchi ambayo kwa sababu ya Kifaransa tumezoea kuiita Polonye. Wanaoitaja wanasema maisha yake si ghali kama ya Paris au Brussels, kwamba imo ndani ya Umoja wa Ulaya tangu 2004, na kwamba mtoto anaweza kusoma huko kwa Kiingereza bila kujisumbua na lugha ya wenyeji.

Mambo mawili ya kwanza ni kweli. La tatu ndilo linaloharibu watoto wetu.

Maoni yangu ni haya: Polandi ni nchi nzuri ya kusomea, lakini kwa yule tu anayekubali kuishi na Wapolandi wenyewe. Anayeiona kama korido ya kupita kwenda Ufaransa atapoteza miaka yake na makuta ya familia. Na alama ya kwanza ya kukubali kuishi na watu ni kujifunza lugha yao, kabla hata ya kununua tiketi ya ndege.

Nchi ya shaba kama kwetu

Mtu wa Likasi ana sababu yake mwenyewe ya kuitazama Polandi. Ni nchi ya shaba. Mwaka 1957 mwanajiolojia Jan Wyżykowski aligundua shaba nyingi chini ya ardhi ya kusini-magharibi, karibu na mji wa Lubin. Mwaka 1961 Serikali ikaunda kampuni iitwayo KGHM, ambayo hadi leo inachimba zaidi ya mita 1,000 chini na kuyeyusha shaba yake katika miji ya Legnica na Głogów. Mtoto aliyekulia kati ya Panda na Shituru, ambaye babu yake alifanya kazi Union Minière na baba yake Gécamines, akifika huko ataona maisha anayoyajua: mji uliozaliwa na mgodi, familia zinazoishi kwa mshahara wa kampuni moja, na hofu ya siku ambayo bei ya shaba itaanguka.

KGHM hiyohiyo iliwahi kuja hapa Katanga mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya shaba na kobalti ya Kimpe, kabla ya kuondoka. Na kule Kraków kuna chuo kikuu cha AGH, kilichofunguliwa mwaka 1919 kama akademia ya migodi, ambacho mpaka leo kinafundisha jiolojia, uchimbaji na uyeyushaji wa madini. Vitabu vya jiolojia vya dunia nzima vinalijua jina la Kakontwe, kwa sababu mawe ya chokaa ya hapa kwetu yametoa jina la tabaka zima la miamba linaloendelea mpaka Zambia, na ndani ya tabaka hilo ndimo ilimo zinki ya Kipushi. Jina letu limefika mbali. Inafaa watoto wetu nao wafike, lakini wafike wakijua wanakwenda kwa nani.

Watu walionyimwa lugha yao

Wengi wetu tunawaweka wazungu wote katika kapu moja. Tukisikia Ulaya, tunafikiri ukoloni. Lakini Polandi haikuwa na koloni Afrika. Kinyume chake, yenyewe ilifutwa kwenye ramani kuanzia 1795 mpaka 1918, miaka 123, baada ya Urusi, Prussia na Austria kugawana ardhi yake. Kwa miaka mingi watoto wa Kipolandi walilazimishwa kusoma kwa Kijerumani au Kirusi. Mwaka 1901, katika mji wa Września, wanafunzi walichapwa fimbo shuleni kwa sababu walikataa kusali kwa Kijerumani.

Kwetu Kongo, wazee wanakumbuka alama iliyovishwa shingoni mwanafunzi aliyeponyokwa na Kiswahili au Kiluba darasani badala ya Kifaransa. Kwa hiyo tunaweza kuelewa jambo hili kuliko Mfaransa au Mwingereza. Taifa lililochapwa fimbo kwa ajili ya lugha yake haliioni lugha hiyo kama chombo tu cha kununulia mkate. Kwao Kipolandi ndicho kilichowashika pamoja walipokosa nchi.

Ndiyo maana mgeni anayeishi Warsaw miaka mitatu bila kujua zaidi ya "dzień dobry", yaani habari ya mchana, anabaki mgeni. Hawamchukii. Wanamwacha tu pembeni. Na yule anayejikaza, hata akivunja sarufi vipande vipande, anaona nyuso zikibadilika. Wapolandi wanajua kwamba lugha yao ni ngumu: majina hubadilisha miisho kama vile vitenzi vyetu vinavyobadilisha vichwa. Mswahili hapaswi kuogopa. Sisi tuliozaliwa na ngeli za m-wa, ki-vi na li-ya, tunajua kwamba neno moja linaweza kuburuta sentensi nzima nyuma yake. Nao wana adabu ya maneno kama sisi: humwambii profesa au mama muuza duka "wewe". Unamwita "Pan" akiwa mwanaume, "Pani" akiwa mwanamke. Mtoto wa Kikongo aliyefundishwa kutomwita mkubwa kwa jina tupu anaanza na nusu ya somo.

Kuna sababu nyingine, ya mfukoni. Sheria ya elimu ya juu ya Polandi ya mwaka 2018 iliweka kwamba mgeni mwenye cheti cha Kipolandi cha kiwango cha C1 hatozwi minervali katika chuo cha Serikali, kwa masomo ya kutwa yanayofundishwa kwa Kipolandi. Sheria hubadilika, kila mtu ahakikishe na chuo chake kabla ya kwenda. Lakini ona maana yake. Familia inayotafuta maelfu ya dola kulipia masomo ya Kiingereza inakimbia lugha ambayo ingeweza kuipunguzia mzigo huo.

Waliopita njia hiyo

Hili si jambo la kubuni. Wakati wa utawala wa kikomunisti, Polandi iliwapokea wanafunzi wengi kutoka Afrika, Asia na nchi za Kiarabu. Wengi walipelekwa kwanza mji wa Łódź, kwenye shule ya lugha kwa ajili ya wageni iliyokuwapo tangu miaka ya 1950. Mwaka mzima walisoma Kipolandi tu, ndipo wakagawanywa katika vyuo vya uganga, uinjinia au uchumi. Hawakuwa na njia ya kukwepa.

Killion Munyama, mzaliwa wa Monze katika nchi jirani ya Zambia, alikwenda Polandi mwaka 1981 kusoma. Alisomea uchumi Poznań, akawa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 2011 wananchi wa Polandi wakamchagua kuwa mbunge. Mwaka mmoja mbele yake, Desemba 2010, John Godson, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika bunge hilo. Hakuna aliyefika hapo kwa Kiingereza. Mtu hawezi kuomba kura ya mama wa kijijini kwa lugha asiyoijua.

Leo mambo yamegeuka. Idadi ya wanafunzi wa kigeni nchini humo ilipita 100,000 katika mwaka wa masomo wa 2022-2023, karibu nusu yao wakiwa Waukraine. Kati ya nchi za Afrika, Zimbabwe na Nigeria ni miongoni mwa zinazopeleka wengi. Vyuo vingi, hasa vya binafsi, vimefungua madarasa ya Kiingereza. Hapo mwanafunzi anaishi na wageni wenzake, anasoma na wageni wenzake, anakula na wageni wenzake. Siku akiugua, siku akitafuta nyumba ya kupanga, siku akisimama mbele ya ofisi kuomba karta pobytu, yaani kadi ya ukaaji, ndipo anagundua kwamba hajafika Polandi bado.

Wapolandi walipokuwa wageni wetu

Kuna historia ambayo hatufundishwi shuleni, nayo inatuhusu. Katika miaka ya 1940 na 1941 utawala wa Stalin uliwakamata Wapolandi mamia ya maelfu na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 sehemu yao walitoka pamoja na jeshi la jenerali Anders, wakafika Iran wakiwa wagonjwa na wenye njaa. Kutoka huko, wanawake, watoto na wazee wapatao 18,000 hivi waliletwa kwa meli hadi Afrika ya Mashariki na ya Kusini.

Karibu 5,000 waliwekwa Tengeru, chini ya mlima Meru karibu na Arusha. Wengine walipelekwa Masindi na Koja nchini Uganda, ambako kanisa walilojenga Nyabyeya bado linasimama. Wengine walikuja karibu kabisa na sisi: katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kulikuwa na kambi ya Wapolandi huko Bwana Mkubwa, pembeni ya Ndola, mahali penye mgodi wa zamani wa shaba. Mtu anayepita mpaka wa Kasumbalesa au wa Sakania kwenda kufanya biashara Ndola yuko karibu nayo kuliko anavyofikiri.

Wageni hao walikaa katika nyumba za udongo zenye paa la nyasi. Walilima, walijenga makanisa, hospitali na shule. Watoto wao walisoma kwa Kipolandi, wakafanya mitihani kwa Kipolandi. Waafrika waliwauzia ndizi na mayai, wakawajengea nyumba, wakazika nao wafu wao. Makaburi ya Tengeru yapo hadi leo na yanatunzwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Utawala wa Kiingereza uliwaweka mbali na wenyeji. Haukutaka Mwafrika amwone mzungu maskini, asiye na viatu, anayelima kwa mikono yake. Baada ya vita kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, na wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia kwa kuwa nchi yao ilikuwa chini ya wakomunisti. Kuna waliozeeka huko wakiwa bado wanakumbuka maneno ya Kiswahili waliyoyaokota utotoni sokoni. Hata hivyo, maelfu ya watu walikaa Afrika miaka mitano, sita, hata zaidi, kisha wakaondoka bila kuacha undugu mkubwa nyuma. Sababu ni kwamba waliishi pembeni yetu. Hawakuishi kati yetu.

Wao waliwekewa uzio na wakoloni. Mtoto wetu anayekwenda Warsaw leo na kujifungia katika chumba cha Wakongo, akisikiliza muziki wa Kikongo na kula bukari ya unga uliotumwa kwa posta, anajijengea uzio huo mwenyewe. Bukari si kosa. Kosa ni kuishi miaka mitatu bila jirani hata mmoja anayejua jina lako.

Kutazamwa na kuitwa

Sitaki mtu aseme kwamba napamba mambo. Mwafrika katika mji mdogo wa Polandi anatazamwa. Anatazamwa kwenye tramu, dukani, kanisani. Kabla ya vita vya pili vya dunia theluthi moja hivi ya wakaaji wa nchi hiyo walikuwa Waukraine, Wayahudi, Wajerumani na wengine. Wanazi waliua Wayahudi wa Polandi wapatao milioni tatu, na baada ya vita mipaka ilisogezwa na watu wakahamishwa. Kwa hiyo wazee wengi wa leo walikulia katika nchi ambamo kila jirani alifanana nao. Hiyo inaeleza kwa nini wanatazama. Haifuti maumivu ya anayetazamwa.

Kuna pia neno "Murzyn", ambalo kwa miaka mingi ndilo Wapolandi walilotumia kumwita mtu mweusi. Wengi wao walisema halina ubaya. Mwaka 2020 msichana mweusi wa miaka kumi alisimama katika maandamano ya Warsaw na bango lililosema acheni kuniita hivyo. Mwaka uliofuata Baraza la Lugha ya Kipolandi lilitoa shauri kwamba neno hilo lisitumiwe tena hadharani. Mtoto alisema kwa Kipolandi, nchi ikasikia. Hapo tena lugha.

Na kuna mabaya kuliko maneno. Urusi ilipovamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika walikimbilia mpaka wa Polandi. Wengi walieleza kwamba walisukumwa nyuma ili Waukraine wapite kwanza, hasa upande wa Ukraine. Tarehe 28 Februari Umoja wa Afrika ulitoa tangazo la kulaani ubaguzi huo. Siku zilizofuata, mjini Przemyśl, watu wenye msimamo mkali waliwashambulia wageni wasio wazungu. Wakati huohuo, kwenye kituo kilekile cha treni, Wapolandi wa kawaida walikuwa wakigawa supu, blanketi na vyumba vya kulala, na kuna Waafrika waliopokelewa nyumbani mwao. Yote mawili yalitokea. Anayekusimulia moja tu, au anauza viza, au anauza hasira.

Kuhusu kupokea wageni, Wapolandi wana methali isemayo: mgeni nyumbani, Mungu nyumbani. Usiku wa tarehe 24 Desemba, familia nyingi huacha kiti kimoja na sahani moja tupu mezani kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Sisi tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wana methali nyingine pia: mgeni na samaki, siku ya tatu wananuka. Nasi tunayo ya kwetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tofauti ni kwamba yetu inatoa dawa. Jembe la mwanafunzi kule Polandi ni lugha. Akilishika, si mgeni tena, ni mtu wa nyumbani anayefanya kazi na wengine.

Nasi tujitazame

Kabla ya kuwahukumu, tutazame Likasi yetu. Mzungu akipita Kikula, watoto wanapaza sauti "muzungu, muzungu", nasi tunacheka. Mchina wa mgodini akiingia sokoni, anaitwa majina ambayo tusingetaka kuitwa. Tunasema ni mchezo. Mpolandi naye husema hivyohivyo.

Na tunalo kubwa zaidi, ambalo wengi hawapendi kulitaja. Mwaka 1992 na 1993, katika mji huu, majirani waliozaliwa hapa, waliosoma hapa, waliozika wazazi wao hapa, waliitwa wageni kwa sababu asili yao ilikuwa Kasai. Waliitwa wadudu. Walifukuzwa nyumbani. Maelfu yao walilala kwenye kituo cha treni cha Likasi na katika shule, wiki na miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuijua. Wapo waliokufa humo wakingoja. Mtu wa Likasi aliyekuwa na akili wakati ule anajua harufu ya kituo kile.

Nasema hili kwa sababu moja. Ubaya wa kumkataa mgeni hauna rangi wala lugha. Wapolandi wenyewe wameuonja: baada ya 2004 mamia ya maelfu yao walikwenda kutafuta kazi Uingereza, na mwezi Juni 2016, baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, baadhi yao huko Huntingdon waliokota kwenye milango yao kadi zilizowaita wadudu. Neno lilelile. Likasi 1992, Huntingdon 2016. Kijana wa Kakontwe akimwambia mwenzake wa Lublin jambo hili kwa Kipolandi, wataelewana kuliko katika semina kumi.

Kabla ya kuuza parseli

Sasa nizungumze na baba na mama. Tuseme komisioneri amekuja nyumbani. Ameleta karatasi yenye nembo ya chuo, anasema nafasi ni chache, lipeni wiki hii. Mmeanza kufikiri kuuza parseli. Ulizeni kwanza maswali haya, na msione haya kuuliza.

La kwanza: je, hiyo barua ya kupokelewa ni viza? Hapana. Chuo kinaweza kukubali na ubalozi ukakataa. Ulizeni viza inaombwa nchi gani, safari ya kwenda kuiomba ni bei gani, na pesa zikishalipwa chuoni zinarudishwa vipi viza ikikataliwa. Jibu liwe kwenye karatasi.

La pili: diploma ya Serikali ya mtoto inatambuliwa kwa utaratibu gani? Polandi ina shirika lake la kubadilishana wanafunzi, NAWA, lililoanzishwa mwaka 2017, ambalo pia linashughulikia utambuzi wa diploma na kutoa bursa kwa nchi kadhaa. Orodha ya nchi zinazopewa bursa hutangazwa. Msiamini mtu anayesema "nitampangia bursa" bila kuwaonyesha jina la Kongo kwenye orodha hiyo.

La tatu: mbona haraka hivyo? Mwaka 2023 Polandi ilitikiswa na kashfa ya viza zilizodaiwa kutolewa kwa rushwa kupitia mawakala, na naibu waziri wa mambo ya nje akafukuzwa kazi. Tangu hapo sheria zimekazwa. Oktoba 2024 Serikali ya Warsaw ilipitisha mkakati mpya wa uhamiaji, na wanafunzi wa kigeni ni kati ya watu wanaochunguzwa zaidi. Anayesema njia ni nyepesi anasema habari za zamani.

La nne, na kwangu ndilo kubwa: mtoto mwenyewe anajua maneno mangapi ya Kipolandi? Kama jibu ni sifuri, ngojeni mwaka mmoja. Masomo ya lugha ya kuanzia yako kwenye intaneti, na simu ambayo kijana anatumia kutazama mpira inatosha. Mwaka huo utawaonyesha jambo ambalo komisioneri hawezi kuwaonyesha: kama mtoto anaitaka Polandi, au anataka tu kuondoka Likasi. Kutaka kuondoka si dhambi, maisha hapa ni magumu na kila mtu anaona. Lakini ni ombi lingine, nalo lina bei nyingine.

Na kijana mwenyewe asikie. Utafika na kuona theluji, jua linazama saa tisa na nusu ya alasiri mwezi wa Desemba, na hakuna mtu anayekusalimu barabarani. Usidhani wanakuchukia, hawana desturi ya kumsalimu wasiyemjua. Anza wewe na jirani wa mlango wa pili. Msalimu kwa lugha yake kila asubuhi. Vua viatu ukiingia kwake. Akikuita kwenye meza ya Krismasi, usikatae kwa haya. Akikuita jina baya, mwambie kwa Kipolandi kilichonyooka kwamba una jina, na ulitaje.

Viongozi wa elimu wa hapa Haut-Katanga nao wasikae kimya. Vyuo vyetu vya Lubumbashi na Likasi vinafundisha migodi, na kule Kraków na Lubin kuna watu wanaofanya kazi hiyohiyo. Mkataba mmoja mzuri wa kubadilishana wanafunzi, wenye mwaka wa lugha ndani yake, ungewafaa vijana wetu kuliko makaratasi elfu ya makomisioneri. Na uwe wa pande zote mbili: vijana wa Kipolandi nao waje Likasi, wajifunze Kiswahili chetu, waone mawe ya Kakontwe waliyoyasoma vitabuni. Wakija, watoto wetu wajue kwamba wageni hao nao wana majina yao.